Boti Pacha na Karatasi Chini ya Kiti

Sehemu ya saba

Kalamu ya Daktari wa Meno ilikuwa imebakiza upana wa ukucha kuigusa karatasi ya mauzo pale ukurasa ulipotuishia wiki iliyopita. Tusimcheleweshe zaidi. Mkono wake bado uko hewani, na umeanza kuchoka.

"Usitie saini, kaka," alisema Fundi. "Boti hii imewahi kulala chini ya maji."

Fundi, kwa msomaji anayeingia leo, ni dada mdogo wa Daktari, mshona viti: vya magari, vya saluni, vya boti. Alikuwa amepiga magoti juu ya zulia la boti ya kijani, mkono wa kushoto umezama hadi kiwiko nyuma ya kiti cha mwisho, kama mtu anayemzalisha ng'ombe.

Yadi nzima ya kuuzia boti ikamgeukia. Jua la saa tisa lilikuwa likichoma kokoto, na boti mbili zilikaa juu ya trela zake zikisubiri kuchaguliwa kama wachumba.

Zilikuwa boti za jukwaa, zile pana, bapa, zinazoelea juu ya maboya marefu ya aluminiamu, zenye viti pande zote na turubai juu, ili familia ikae kama imekaa sebuleni huku ziwa likipita. Na zilifanana mpaka kuudhi. Urefu mmoja, injini moja, nafasi za watu kumi na wawili, bei ile ile. Moja ilikuwa na mstari wa buluu ubavuni, nyingine wa kijani. Ngazi ya kupandia kutoka majini, kwenye ya buluu ilikuwa kona ya nyuma kulia, kwenye ya kijani kushoto. Basi. Juu ya tofauti hizo mbili familia hii ilikuwa imegombana wiki tatu, kama watu wanaogombea kiwanja.

Mama mwenye familia alitaka kitu kimoja tu: kila Jumapili alasiri akae majini na wanawe na wajukuu bila kulazimika kutembea, kwani magoti yake yalistaafu kabla yake. Rangi ya mstari alisema atawaachia wenye macho.

Wifi, mke wa Daktari, yule anayekaa mapokezi ya kliniki na kupanga nani ang'olewe saa ngapi, alitaka ya kijani. Fundi alitaka ya buluu kwa sababu Wifi alitaka ya kijani. Tuseme ukweli wake. Hata mwenyewe alikuwa akilijua hilo.

"Kulala chini ya maji," alirudia Wifi polepole, kama anayeonja chakula kilichochacha. "Kwani imekuambia?"

"Imeniambia."

"Boti imekuambia."

"Kiti kimeniambia. Boti haijui kusema, wifi. Ndiyo maana inasemewa na muuzaji."

Muuzaji, ambaye familia ilikuwa imembandika jina la Bwana Tabasamu, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la kudumu, kama limefungwa kwa skrubu. Daktari alilikagua siku ya kwanza tu, akanong'ona kwamba jino la pili juu kulia ni la bandia na la bei ndogo.

Fundi akautoa mkono. Vidoleni alikuwa na kipande cha sponji, rangi ya chai ya jana. Akamnusisha kaka yake.

"Tope," alisema Daktari.

"Tope. Na pini zilizoshika kitambaa zimeota kutu zote. Hizi pini zimepakwa zisiote kutu, kaka, si kwa mvua si kwa mawimbi. Mpaka ziwe hivi, zimelala majini, tena si siku moja."

"Ilikuwa mvua, fundi," alisema Bwana Tabasamu kwa upole. "Viti vilisahaulika nje."

"Siku hizi mvua inanyesha kutoka chini kwenda juu?" Fundi akakipindua kiti. Juu kulikuwa kweupe. Chini, tope lilikuwa limetuama likachora mstari, kama alama ya maji kwenye kuta za choo cha shule.

Wifi hakutazama. Kutazama kungekuwa kukubali kwamba kuna cha kutazama.

"Wiki tatu," alimwambia mumewe. "Wiki tatu huyu anatafuta dosari. Mara zulia lina rangi ya matapishi. Mara turubai fupi. Sasa imezama. Kesho itakuwa na mashetani. Baba watoto, tia saini twende."

"Kidogo tu," alisema Daktari.

Hilo ndilo neno analowaambia wagonjwa kabla ya sindano. Kutwa nzima Daktari huzungumza na watu waliofunguliwa midomo wasioweza kumjibu, kwa hiyo mabishano ya watu wenye ndimi huru humchosha upesi. Alimtazama mkewe, akamtazama dadake, akaitazama kalamu, kana kwamba kalamu ndiyo ingesema.

"Hakuna kidogo tu," alisema Wifi. "Kila jambo la nyumba hii lazima fundi wa magodoro alipitishe? Nikichagua pazia, anashika kitambaa ananuna. Nikichagua kochi, anauliza limejazwa nini. Nimechoka. Tufanye hivi, wifi yangu mpendwa."

Akapanda ngazi ya boti, viatu vyake vya visigino vikatoboa zulia tobo tobo, akamsimamia Fundi aliyekuwa bado amepiga magoti.

"Kama boti hii ilizama, sitafungua mdomo tena. Achague mama anayoitaka. Lakini kama unasema uongo, chumba cha nyuma kwa mama kiwe kitupu ifikapo Jumapili. Wewe, cherehani yako, na hayo masponji yanayowakohoza watoto wangu."

Sasa hapo ndipo penyewe.

Chumba cha nyuma kina madirisha mawili. Chini ya moja kuna cherehani nzito, chini ya la pili kuna kitanda, na katikati kuna njia ya kupita mtu mmoja akiwa na njaa. Fundi alihamia pale miaka minne iliyopita, ndoa yake ilipovunjika, akiwa na begi moja na ile cherehani. Wateja wake wote huingia kwa mlango wa uani. Ukimtoa chumbani humo hujamtoa kwenye chumba tu. Umemtoa kazini, umemtoa kitandani, na umemtoa kwa mama.

Wifi alikuwa akikitaka chumba hicho kwa mwaka mzima. Cha wageni, alisema. Wageni gani, hakuna aliyejua. Huyu ndiye bibi harusi aliyesema hana ndugu hata mmoja duniani, mpaka viti vya upande wake vikajazwa na majirani na wagonjwa wa kliniki, wawili kati yao wakiwa bado na mashavu yaliyovimba.

"Sawa," alisema Fundi.

Neno lilitoka kabla akili haijavaa viatu.

"Sawa nini?" aliuliza Wifi. "Sema mama asikie."

"Nimesikia," alisema Mama kutoka kivuli cha ofisi, alikokalishwa kwenye kiti cha plastiki akiwa na kofia yake pana na fimbo. Mama husikia anachotaka, na siku hiyo alitaka. "Nyumba ni yangu, lakini nyie endeleeni tu kuigawana."

Bwana Tabasamu akakohoa kikohozi cha adabu.

"Naomba niseme jambo, madam. Na daktari. Naona tunaelekea kukosana bure." Akavua kofia, akaivaa tena. "Ni kweli hicho kiti kiliingia maji. Lakini si cha boti hii."

Fundi akainua kichwa.

"Wiki jana tulivitoa viti vya boti zote mbili kuvifua. Tulivirundika pamoja pale ukutani. Unajua boti zenyewe ni pacha. Wakati wa kuvirudisha, vikachanganyika. Viti vya ya kijani vikaenda kwenye ya buluu, vya ya buluu vikaja huku." Tabasamu likapanuka kidogo. "Ya buluu niliinunua kwa mtu. Huko nyuma ilifanya nini, mimi sikuambiwa. Nilikuwa naona aibu kusema, kwa kuwa naona dada mshonaji ameipenda."

Wifi alicheka. Si kicheko cha furaha. Ni kile cha mtu aliyeona adui yake amekanyaga ganda la ndizi alilolimenya mwenyewe.

"Kwa hiyo iliyozama ni ya buluu."

"Inaelekea hivyo, madam."

"Ile ambayo wifi yangu ametupigia kelele wiki tatu tuichukue." Akamgeukia Mama. "Umesikia na hilo, mama? Mwanao alitaka kukupakia kwenye boti iliyozama. Mimi ndiye mbaya, lakini yeye ndiye alitaka kukuzamisha."

Fundi alikiacha kiti. Aliruka chini, akakimbia kwenye boti ya buluu, akapanda, akakipindua kiti cha kwanza. Sponji jeupe, laini, kama mkate umetoka tanurini. Akapindua cha pili. Cheupe. Pini zinang'aa.

Kila alichokigusa kilimuunga mkono muuzaji. Kama viti vilibadilishana, basi hivi vikavu ni vya ya kijani, na ile ya kijani ni mzima wa afya.

Akasimama pale, jasho likimtambaa mgongoni, akaliona kosa lake. Fundi wa injini angefungua injini. Mchomeleaji angegonga maboya. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye kiti, kwa sababu kiti ndicho anachokijua, akakiamini kama mtu anavyomwamini ndugu. Akasahau kwamba kiti hakikuzaliwa na boti. Kinainuliwa kinahamishwa.

"Mdogo wangu," alisema Daktari kwa huruma, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko matusi ya mkewe. Akainama juu ya kibao cha karatasi. Kalamu ikagusa.

"Mama," aliita Wifi, "kile chumba upana wake ni hatua ngapi?"

"Kinamtosha mwenye nacho," alisema Mama.

"Jumapili atakuwa mwingine."

Daktari alikuwa ameandika herufi ya kwanza ya saini yake. Ni saini ndefu. Madaktari hawana haraka na majina yao. Na katika kuisubiri herufi ya pili, neno moja likarudi kichwani mwa Fundi likaanza kumkwaruza.

Vikachanganyika.

Kabla ya kuwa na cherehani yake, Fundi aliajiriwa miaka sita kwenye karakana ya bosi mmoja mwenye ulimi kama msumeno. Bosi huyo aliwahi kupeleka viti vya basi la shule kwenye saluni, na viti vya saluni kwenye basi. Watoto walikwenda shule siku mbili wakizunguka kwenye viti vya kunyolea. Tangu hapo akaweka sheria, na aliyeivunja alilala njaa: kila kiti, kabla ya kufungwa chini kwa kile kitambaa cheusi kinachoficha mbao, lazima kiwekewe ndani karatasi ya vipimo ya mteja, kwenye mfuko wa nailoni, ipigwe pini kwenye ubao. Viti vyangu havitachanganyika tena, alikuwa akisema, hata nikifa.

Karakana nyingine hazikuwa na desturi hiyo. Hakuna muuzaji wa boti ambaye angeijua.

Fundi alirudi kwenye boti ya kijani akitembea, si kukimbia. Akakitazama tena kiti chenye tope. Hakutazama kutu sasa. Alitazama jinsi pini zilivyolala. Zote ziliegemea kushoto. Karakana ile ilikuwa na mafundi sita, na mmoja tu ndiye aliyepiga pini kwa mkono wa kushoto.

Kiti kilikuwa chake. Alikishona yeye.

"Kaka," alisema, "nipe dakika moja."

"Dakika ya nini?" alidakia Wifi. "Hujahama bado unaomba nyongeza?"

Wanawake wengine hubeba poda kwenye mkoba. Fundi alitoa koleo.

Na hapo, wasomaji, mtazameni Wifi. Mwanamke aliyekuwa akipima chumba cha watu kwa hatua sasa hivi, alibadilika sura. Alivuka zulia kwa hatua mbili, akaja kujisimamisha katikati ya koleo na kiti.

"Utaharibu mali ya watu."

"Sogea, wifi."

"Nasema utaharibu mali ya watu. Na wewe," alimgeukia muuzaji, "umesimama tu kama nguzo?"

"Madam anasema kweli," alisema Bwana Tabasamu haraka. "Hapa anayeharibu ananunua."

"Basi nimenunua," alisema Fundi, akaingiza koleo chini ya kitambaa cheusi, akavuta.

Kitambaa kilipasuka kwa mlio mmoja mrefu. Vumbi kavu la tope likawarukia wote. Na pale, ubaoni, ndani ya mfuko wa nailoni ulioshikwa na pini nne zilizolala kushoto, ilikuwepo karatasi. Maji yalikuwa yamepita juu yake, chini yake na pembeni yake. Ndani hayakuingia.

Fundi akaisoma juu juu, kwa sauti.

"Kiti cha nyuma, boti ya jukwaa. Urefu, upana, kimo." Akavipita vipimo. "Kona ya kushoto ikatwe kupisha ngazi."

Akaung'oa mfuko ule ubaoni, akabaki nao. Kisha akakigeuza kiti ili kila mtu akione. Kona yake ya kushoto ilikuwa imekatwa kwa ustadi, kama kipande cha keki alichojikatia mtu mwenye aibu.

"Kaka, shika upande huo."

"Tunakipeleka wapi?"

"Kwao. Kwenye ya buluu. Si wamesema ndiko kwao?"

Wakakibeba wawili. Bwana Tabasamu hakusaidia. Wakakipandisha kwenye boti ya buluu, wakakiweka mahali pa kiti cha nyuma, na kiti kikakataa. Kona iliyokatwa iliangalia pembe tupu isiyo na ngazi, na kona nzima, ya kulia, ilipanda juu ya ngazi. Kikakaa upande, kama kofia ya mlevi.

"Sukuma," alisema Wifi kutoka chini. 

"Njoo usukume wewe."

"Kigeuzeni."

"Tukikigeuza, mama ataketi akitazamana na injini." Fundi akajipangusa mikono kwenye sketi. "Ngazi ya buluu iko kulia. Ya kijani iko kushoto. Hiki kiti kilikatwa kushoto. Hakijawahi kuwa cha buluu siku hata moja."

Wakakirudisha. Kwenye boti ya kijani kiliingia chenyewe, tap, kama mtoto anayejua godoro lake.

Bwana Tabasamu bado alikuwa akitabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limebaki peke yake. Macho yalishaondoka.

Na sasa Daktari wa Meno, mtu ambaye kwa sehemu sita zilizopita hakuwahi kufanya jambo bila kuambiwa, alifanya jambo. Alichomeka kalamu mfukoni. Kutoka mfuko huo huo akatoa kioo chake kidogo cha mpini mrefu, kile cha kuchungulia magego ya nyuma, na tochi nyembamba. Akalala chali juu ya kokoto, na shati lake jeupe, akajiburura mpaka chini ya boti ya kijani.

"Fungua kizibo cha boya la katikati," alisema.

"Daktari, hiyo si..."

"Fungua."

Bwana Tabasamu akafungua. Daktari akaingiza kioo kwenye tundu, akawasha tochi. Kwa muda mrefu zilizoonekana ni soksi zake tu.

"Mmh," alisema.

Waliowahi kulala kwenye kiti chake wanaijua hiyo mmh. Hakuna mmh inayoogopwa kama hiyo.

"Limezibwa," ilisema sauti kutoka chini. "Kuna ufa ndani, urefu wa mkono wangu, umejazwa gundi na kupakwa rangi kwa nje. Vibaya sana. Mgonjwa akinijia na jino lililozibwa hivi, humuuliza yeye na aliyemziba walikosania nini."

Akatoka, mgongo mzima umejaa vumbi, akasimama mbele ya muuzaji.

"Gundi hiyo ingekaa majini muda gani?"

"Inategemea na uzito, daktari."

"Watu kumi na mmoja," alisema Fundi. "Sita watoto. Na mama asiyeweza kusimama bila kushikwa, seuze kuogelea."

Bwana Tabasamu akaangalia kokoto.

"Haya, umeshinda," alisema Wifi.

Alilisema haraka mno. Mwezi mzima Fundi asingepata neno hilo kwa Wifi hata kwa koleo, na sasa lilikuwa limedondoka lenyewe.

"Umeshinda, chumba chako kaa nacho. Tuchukue ya buluu twende nyumbani, watoto wanatusubiri. Nipe hiyo karatasi nikaitupe." Mkono wake ulikuwa umeshanyooka.

Fundi alikuwa akiusogeza wake kumpa. Angempa. Mtu aliyenusurika kupoteza kitanda haoni thamani ya karatasi. Ila vidole vya Wifi vilikuwa vikitetemeka, na Fundi hajawahi kuona vidole hivyo vikitetemeka, hata siku ile vilipomtupia sahani.

Akaivuta karatasi nyuma. Akaitoa kwenye nailoni. Akaikunjua sehemu ya chini, aliyokuwa hajaisoma.

Vipimo vilikuwa vya mwandiko wa bosi wa karakana. Hii ya chini ilikuwa ya mteja mwenyewe. Mwandiko wa wima, msafi, na juu ya kila "i" badala ya nukta kulikuwa na duara dogo, kama povu la sabuni.

Fundi alisoma kimya. Kisha akampelekea kaka yake, akamshikisha, akarudi nyuma hatua mbili.

Daktari aliishika juani kama picha ya eksirei.

"Vikiisha vipelekwe kliniki ya meno," alisoma, "mlango wa nyuma, kabla ya saa mbili asubuhi. Daktari asijue."

Kila asubuhi ya siku ya kazi, miaka kumi na moja, mtu huyu huanza siku kwa kusoma orodha ya wagonjwa iliyoandikwa kwa mwandiko huo. Hakuhitaji kuuliza. Aliuliza hivyo hivyo.

"Haya maduara ni yako?"

"Watu wengi wanaandika hivyo," alisema Wifi.

"Mlango wa nyuma una funguo mbili. Moja ninayo mimi."

"Baba watoto, si hapa. Tutazungumza nyumbani."

"Uliishoneshea boti hii viti," alisema Daktari, bila kupaza sauti, "halafu wiki tatu unanisukuma niinunue kama hujawahi kuiona. Ulijua ilizama?"

Wifi hakumtazama mumewe. Alimtazama Bwana Tabasamu. Na halikuwa jicho la mteja kwa muuzaji. Lilikuwa jicho la zamani, lile la kuambiana usithubutu.

Fimbo ya Mama ikagonga kokoto.

"Mimi nimechagua," alisema Mama. "Buluu. Na chumba cha nyuma kina mwenyewe, asinichoshe mtu masikio na chumba hicho tena, awe nimemzaa awe ameolewa kwangu. Daktari, nisaidie kunyanyuka. Magoti yamelala."

Daktari akaichana karatasi ya mauzo ya boti ya kijani, na ile herufi moja yake, vipande vinne. Fundi akavuta pumzi aliyokuwa ameikopa tangu asubuhi. Aliiona cherehani yake chini ya dirisha, aliona kitanda, aliona Jumapili.

Na yote yangeishia hapo, kama Bwana Tabasamu angeendelea kutabasamu.

Lakini alikuwa ameketi juu ya gurudumu la trela, kofia mkononi, na uso wake bila lile tabasamu ulikuwa uso mwingine kabisa: mchanga zaidi, mchovu, na kidevu chake kikiwa na kishimo katikati. Fundi alikijua kishimo hicho. Kila siku alikiona mezani, upande wa pili wa bakuli, kwenye kidevu cha Wifi.

"Na mimi sasa nikae wapi, dada?" alisema.

Wiki tatu nzima alikuwa akimwita madam.

"Nyamaza," alisema Wifi.

"Mizigo nimeshafunga. Ulisema chumba cha nyuma kitakuwa wazi ifikapo Jumapili. Ulisema boti ikishatoka hapa, hakuna atakayeuliza tena habari za waliokuwamo."

"Nimesema nyamaza."

Mama alikuwa ameinuka nusu, mkono mmoja begani kwa mwanawe. Akajirudisha kwenye kiti cha plastiki, taratibu, kama mtu aliyeamua kwamba nyumbani kunaweza kusubiri.

"Dada," alisema. "Dada wa nani?"

 Daktari alikuwa akimtazama mkewe, yule asiye na ndugu hata mmoja duniani, kana kwamba amefungua mdomo wa mgonjwa akakuta safu mbili za meno.

Fundi hakuuliza swali la Mama. Kishimo kile kilikuwa kimeshamjibu. Yeye aliiweka koleo juu ya kiti alichokishona kwa mkono wake, akamsogelea mtu aliyeketi kwenye gurudumu, akauliza lile lingine.

"Waliokuwamo," alisema, "ni akina nani, na wako wapi?"